Je, Wajua? Kijiji, Watu na Barabara

• Kerenge ni kata ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga. Sensa ya Agosti 23, 2022 iliuhesabia mkoa huo watu 2,615,597. Nchi nzima ilikuwa na watu 61,741,120, na takribani 65 kati ya kila 100 waliishi vijijini.

• Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita Korogwe na kufika Moshi mwaka 1911. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi.

• Barabara za wilaya na vijiji husimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017.

• Kimataifa, mwanakijiji huhesabiwa kuwa na usafiri wa karibu akiishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Barabara ya vumbi inayokatika masika haihesabiwi.

• India ilianzisha mpango wa barabara za vijijini Desemba 2000. Kipimo cha makazi kufikishiwa barabara kilikuwa idadi ya watu: angalau 500 kwa makazi ya tambarare, 250 kwa ya milimani.

Mwanakijiji, sensa ikifika jitokeze uhesabiwe. Na kwenye mkutano wa kijiji, taja kalavati lililobomoka na mto usiovukika masika, kwa sababu mjamzito anayewahi zahanati hawezi kusubiri kiangazi.