Waenda kwa Miguu wa Morogoro: Barabara Hii ni ya Nani?

Kila alfajiri akina mama wanashuka kutoka milima ya Uluguru, pande za Luhungo, Mlimani na Bigwa, wakiwa na ndizi na mboga kichwani kupeleka sokoni. Njia za mlimani ni mbaya, lakini wanazijua. Shida nyingine huanza pale njia ya vumbi inapokutana na lami. Mwenye tenga kichwani hawezi kugeuza shingo upesi kutazama bodaboda inayomjia nyuma, wala hawezi kuruka mtaro ulio wazi.

Mji nao umekua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro. Ile ya 2022 ilihesabu 471,409. Pale Msamvu barabara kuu kutoka Dar es Salaam inagawanyika kwenda Dodoma na Iringa, na malori hayapumziki. Wanafunzi, wagonjwa na waumini wanaokwenda ibadani wanavuka hapo hapo.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1990, mradi wa majaribio uliosimamiwa chini ya programu ya Benki ya Dunia ya sera za usafiri Afrika ulichagua miji minne kushughulikia waenda kwa miguu na wapanda baiskeli: Nairobi na Eldoret kwa Kenya, Dar es Salaam na Morogoro kwa Tanzania. Watumiaji wa barabara walikaa pamoja na wahandisi kusema wapi wanapata taabu. Mwaka 2001 Marius de Langen na Rustica Tembele walitoa kitabu cha mwongozo kilichotokana na kazi hiyo. Kwa hiyo tunapodai vivuko leo, tunaendeleza kazi ambayo mji wetu ulishiriki kuianza.

Moja ya mambo yaliyojaribiwa ni kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lenye mgongo bapa, ambalo alama za pundamilia huchorwa juu yake. Rangi peke yake haimsimamishi dereva. Juu ya tuta anapunguza mwendo hata akiwa hana huruma, maana anaogopa kuvunja springi za gari lake. Gari la mwendo wa kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja, kabla dereva hajakanyaga breki sawasawa. Likiwa kwenye kilometa 30 hupita mita 8 hivi. Hizo mita sita ndizo zinazoweza kumwokoa mtoto aliyekimbilia ng'ambo.

Dar es Salaam, shirika la Amend limefanya kazi ya namna hii kuzunguka shule za msingi: matuta, vivuko, njia za pembeni na vizuizi vya kukinga watoto na magari. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya taasisi ya WRI mwaka 2019. Ni vitu vya saruji na rangi, hakuna mtambo wa kuagiza ng'ambo.

Sasa, kamati ya parokia ifanye nini? Kwanza ijue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaa na nyingine za mjini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, ingawa wazee wengi bado wanakwenda kwa mhandisi wa manispaa kama zamani. Barua ikifika ofisi isiyohusika italala huko.

Halafu wahesabu. Vijana wawili wenye daftari wakae mahali pamoja kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, siku tatu za shule, waandike wangapi wanavuka, watoto wangapi, wenye mizigo wangapi, na hasa wanavukia wapi. Mara nyingi watu hawavuki palipochorwa, wanavuka njia yao inapotokea. Waombe pia takwimu za ajali kwa polisi wa usalama barabarani. Mhandisi anaweza kubishana na malalamiko, lakini ni vigumu kubishana na daftari. Msikiti wa jirani ualikwe kutia saini, maana watoto wao wanavuka pale pale.

Tunatoa angalizo moja. Kampeni hii isigeuke kuwa ya kuwafukuza mama ntilie na machinga kwenye njia za miguu. Wao ni waumini wetu, na wateja wao ndio hao wanaotembea. Tudai njia pana inayotosha wote.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi kwamba hatuombi fedha za kujenga matuta. Matengenezo ya barabara yana Mfuko wa Barabara, unaotokana na tozo ya mafuta, na hata mama wa Luhungo anaichangia kila anapopanda daladala au kununua unga ulioletwa na lori. Tunachohitaji ni gharama ndogo za semina, karatasi na ufuatiliaji wa mwaka mzima. Tunajua kuwa ufuatiliaji haupigwi picha vizuri kama kisima au zahanati, wala hauwekewi jiwe la msingi.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya kata hukusanywa miezi mingi kabla. Hivyo hesabu ifanyike shule zikiwa zimefunguliwa, na barua imfikie diwani kabla ya Krismasi, nakala kwa TARURA au TANROADS. Kamati ibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.