Kinanda Kilichotolewa Uani

Katika picha moja ya miaka ya 1880, familia ya Hilton imekaa uani kando ya kinanda cha kukanyagia. Nyuma yao kuna mifugo, na uwanda usio na mti hata mmoja. Mama mwenye nyumba ndiye aliyetaka kinanda kitolewe nje. Alikuwa na jamaa na marafiki mashariki mwa Marekani, na hakupenda wajue kwamba anaishi katika nyumba ya udongo. Picha ilipokwisha kupigwa, kinanda kikarudishwa ndani.

Mpiga picha alikuwa Solomon Butcher, na mahali ni Kaunti ya Custer, jimboni Nebraska. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, mradi akae hapo miaka mitano na kulima. Butcher naye alifika kuchukua ardhi mwaka 1880, ukulima ukamshinda upesi. Mwaka 1886 akaazimia kuiandika historia ya kaunti yake, akapakia kamera kwenye gari la farasi, akawa anakwenda boma kwa boma.

Uwandani hakukuwa na mbao, kwa hiyo watu walijenga kwa ardhi yenyewe. Jembe maalumu la kukokotwa lilikata udongo kwa vipande virefu, mizizi ya nyasi ikiwa imeushika barabara. Vipande hivyo vilipangwa kama matofali, nyasi zikitazama chini. Ukuta ulikuwa mnene, wenye joto kipindi cha theluji na ubaridi wakati wa jua kali, ila paa likinyeshewa lilivuja matope.

Ndani ya nyumba hizo mlikuwa na giza mno kwa vioo vya picha vya wakati ule. Ndiyo maana maisha yote yalihamia uani: meza, kitanda cha mtoto, cherehani, farasi bora, mbwa. Wengine husema picha hizi zimepangwa, basi si za kweli. Mimi naona kinyume chake. Mtu akiambiwa achague atakachosimama nacho, anatuambia anachojivunia na anachokionea haya, mambo ambayo hayamo katika daftari lolote la serikali.

Itazame picha ya familia ya Rawding, ya mwaka 1886. Wamekaa mezani mbele ya nyumba, na mezani pana tikiti maji. Juu ya paa, ukitazama haraka, amesimama ng'ombe! Nyumba ilichimbwa ubavuni mwa kilima, na ng'ombe yuko kilimani nyuma yake. Katika nyingine ya mwaka huohuo, dada wanne wa ukoo wa Chrisman wamejipanga mbele ya nyumba ya udongo, farasi wao wakiwa na matandiko. Sheria ile ilimruhusu mwanamke asiye na mume, akitimiza miaka 21, kuchukua ardhi kwa jina lake mwenyewe. Na kuna ile ya mwaka 1887, ya Jerry Shores na jamaa zake. Alizaliwa utumwani, na hapa amekaa mbele ya nyumba iliyo kwenye ardhi aliyojichukulia.

Wapawnee, wenyeji wa asili wa eneo hili, usiwatafute humu. Walikuwa wamehamishiwa kusini katika miaka ya 1870, kabla kamera haijafika. Kutokuwamo kwao nako ni sehemu ya historia ya kaunti hii, na kila anayezionyesha picha hizi anapaswa kulisema hilo.

Mwaka 1899 nyumba ya Butcher iliungua, maandishi na picha zake za karatasi zikateketea. Negativu za kioo, yaani vile vioo vilivyonasa picha ndani ya kamera, zilipona kwa sababu zilihifadhiwa ghalani. Akaanza upya, na kitabu chake kikatoka mwaka 1901. Baadaye mkusanyiko wake, wa negativu zaidi ya 3,000, ulinunuliwa na jumuiya ya historia ya Nebraska.

Kioo hubeba mengi kuliko karatasi. Katika picha za zamani za karatasi, milango ya nyumba zile ni weusi mtupu. Negativu zenyewe zilipoingizwa kwenye kompyuta na sehemu hizo kuangazwa, vikaanza kuonekana vitu vilivyobaki ndani: samani na vyombo ambavyo hakuna aliyeona sababu ya kuvitoa uani.