Angani Hakuna Kona: Kweli au Si Kweli?

Ndani ya basi linalotoka Katesh kwenda Babati, mlima Hanang ukibaki nyuma, hazikosekani hadithi za ndege. Bila shaka umezisikia, tena zikisemwa kwa uhakika wote. Leo tuzipime moja baada ya nyingine.

1. "Kilomita za ndege ni zilezile za barabara."

Si kweli. Kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), angani kwa mstari ulionyooka ni takribani kilomita 450. Kwa barabara zinakaribia 600, maana basi halina budi kupita Segera, kisha liambae na milima ya Usambara na Upare hadi Moshi.

2. "Ndege hukimbia kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo Dar hadi KIA ni nusu saa."

Si kweli. Tiketi itakuandikia zaidi ya saa nzima. Muda huo huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegesha tena. Katikati kuna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda na kushuka, na kote huko ile 800 haipo. Tena ndege za pangaboi, kama ATR za Precision Air, hata zikiwa juu hukimbia takribani 500 tu.

3. "Dunia inazunguka, ndiyo maana muda wa kwenda na wa kurudi haulingani."

Nusu kweli. Muda hutofautiana, lakini sababu ni upepo. Rusha chungwa juu basi likiwa katika mwendo wake: linarudi kiganjani mwako, halimpigi aliyekaa nyuma. Ndivyo hewa nayo inavyozunguka pamoja na dunia. Kama ardhi ingekuwa inaiacha ndege angani, basi kuelekea magharibi kungekuwa na wepesi zaidi. Mambo ni kinyume: London hadi New York ni kama saa 8, kurudi ni kama 7, kwa kuwa upepo mkali wa juu kule huvuma kuelekea mashariki.

4. "Mpanda ndege hutangulia kufika siku zote."

Si kweli, hasa ukianzia Katesh. Kutoka hapo hadi KIA, kupitia Babati na Arusha, ni karibu kilomita 290 za barabara. Ongeza saa mbili za kusubiri uwanjani, ndipo uruke kwenda Dar. Sasa linganisha na njia ya Babati, Kondoa hadi Dodoma, ambako tangu 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inakufikisha Dar kwa takribani saa tatu na nusu. Ukihesabu tangu unapofunga mlango wako hadi unapobisha hodi kwa mwenyeji, ushindi wa ndege si wa wazi tena.

5. "Safari hupimwa kwa jua."

Kweli, na hapa wazee wapewe heshima yao. Mfugaji anayeswaga ng'ombe kwenda mnadani hahitaji kilomita. Anajua aondoke lini ili wafike kabla jua halijawa kali, na anajua tope la masika litamchelewesha wapi. Mashirika ya ndege hufanya vivyo hivyo: kwenye tiketi husomi umbali, unasoma saa ya kuondoka na saa ya kufika. Kwa hiyo mtu akikuambia safari ni ya saa moja tu, mwulize ameanza kuhesabu akiwa wapi.