Vuli, Muhogo wa Nazi na Bakuli la Jirani

Sifa njema zote ni za Allah, Mteremshaji wa mvua. Katika pwani yetu mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, nazo hutukusanya jikoni.

Chakula tukipendacho msimu huu ni muhogo wa nazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likachujwa kwa kifumbu. Muhogo hupikwa kwanza kwa tui jepesi mpaka ulainike, kisha tui zito hutiwa mwishoni, huku likikorogwa lisikatike. Kazi hii haina mtazamaji: watoto humenya, vijana hukuna, mama huonja chumvi. Baada ya Maghrib sote huzunguka sinia moja.

Hata hivyo, kabla sinia halijatengwa, bakuli moja hutangulia kwa jirani. Abu Dharr (r.a.) aliusiwa na Mtume (s.a.w.) aongeze maji katika mchuzi ili majirani nao wapate. Nazi zinapopanda bei, wapo wanaouliza iwapo bakuli hilo lisimame mpaka hali itengemae. Jawabu limo ndani ya wasia wenyewe: hatukuagizwa kuongeza nyama, bali maji. Tui likiwa jepesi, hupungua ladha tu. Bakuli likikoma, wanetu watakua hawamjui aishiye nyuma ya ukuta.

Basi mvua ijayo, ndugu wasomaji, tumtume mtoto na bakuli, wala tusingoje lirudi na kitu. Wallahu a'lam.