Damu ya mtoto inaishia wapi?

Mama aliyeketi mbele yangu alikuwa na daftari la kliniki lililochakaa pembeni. Mwanawe wa miaka minne alikuwa ameongezewa damu mara tatu ndani ya miezi miwili, katika hospitali mbili tofauti, na kila mara daftari liliandikwa maneno yaleyale: malaria kali, upungufu wa damu. Kipimo cha malaria cha mara ya mwisho kilikuwa hasi, lakini dawa ya mseto alipewa hivyohivyo. "Daktari, damu wanamwekea. Sasa inaishia wapi?" aliniuliza.

Natamani swali hilo lingeulizwa wodini tangu chupa ya pili. Ndilo linalomfikisha mtu kwenye lukemia, ugonjwa ambao wengi wanauita saratani ya damu.

Damu hutengenezwa ndani ya uboho, ule ute laini ulio katikati ya mifupa, ambao hospitalini siku hizi utasikia ukiitwa pia uloto. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, na chembe sahani zinazozuia damu kuvuja. Kwenye lukemia, chembe moja changa inapata hitilafu katika jeni zake, ikaacha kutii utaratibu wa kukomaa na kufa, ikawa inajizalia tu. Kizazi chake kinausonga uboho kama magugu yanavyolisonga shamba la mahindi. Ndiyo maana mtoto anapauka, anashikwa na homa zisizokwisha, anaumwa mifupa, anatokwa na damu puani au kwenye fizi, na miguuni anaota vidoa vyekundu ambavyo ukivibonyeza havipotei. Damu aliyoongezewa inamaliza muda wake wa kuishi, na nyuma yake hakuna mpya ya kuziba pengo. Hilo lilikuwa jibu langu kwa yule mama.

Kipimo kinachofungua njia ni picha kamili ya damu, ambacho hospitali nyingi za wilaya zinakifanya. Mtu mzima mwenye afya ana chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika mikrolita moja ya damu, na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000. Mvulana yule alikuwa na chembe nyeupe 86,000 na chembe sahani 12,000. Lakini msisubiri chembe nyeupe zipande ndipo mshtuke: wapo wenye lukemia ambao chembe zao nyeupe ziko chini kabisa. Kinachotutia shaka ni kuona aina mbili au tatu za chembe zimeharibika kwa pamoja.

Baada ya mashine, lazima jicho la mtu liangalie. Tone la damu linapakwa juu ya kioo, linakaushwa, linatiwa rangi, kisha linawekwa chini ya darubini. Kwa mtoto huyu, kila nilikosogeza kioo niliziona: chembe changa kubwa, kiini cha zambarau kimezijaza karibu zote, mfano wa parachichi lenye kokwa kubwa na nyama nyembamba pembeni. Chembe kama hizo hazitakiwi kuonekana zikizunguka kwenye damu ya mtoto.

Kinachofuata ni kuchukua uboho wenyewe. Hapa familia nyingi husita, kwa sababu mtaani wanaambiana kwamba sindano ya mgongo inapoozesha. Sindano ya uboho inaingia kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, baada ya kutiwa ganzi, na haigusi uti wa mgongo. Inauma kwa muda mfupi pale ute unapovutwa. Bila sampuli hiyo tunabaki kubahatisha aina ya ugonjwa, na aina ndiyo inayoamua dawa.

Aina kuu ni nne. Zipo lukemia kali, zinazokwenda mbio na kuua ndani ya wiki au miezi zisipotibiwa, na zipo sugu, zinazokwenda taratibu kwa miaka. Kila kundi lina tawi la limfoidi na tawi la mieloidi, kulingana na ukoo wa chembe ulioharibika. Lukemia sugu ya limfoidi ni ya wazee zaidi. Wengine tunawafuatilia tu kwa vipimo bila dawa yoyote, na ndugu huona kama tumewatelekeza, kumbe kuanza mapema hakuwaongezei umri. Lukemia kali ya mieloidi ni ngumu zaidi kwetu, kwa sababu dawa zake zinaufagia uboho wote kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo mgonjwa anaishi kwa chembe sahani za kuchangiwa na kwa kulindwa dhidi ya maambukizi.

Lukemia sugu ya mieloidi ndiyo inayonipa moyo kila wiki. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu fupi isivyo kawaida kwenye chembe za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha sababu: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale vipande vilipoungana imezaliwa jeni mpya, BCR-ABL, inayoziamrisha chembe zizaliane bila kukoma. Dawa inayoizima amri hiyo, imatinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ni kidonge cha kumeza nyumbani. Mtu anayekuja bandama limemjaa tumbo upande wa kushoto, ambalo kwao wamelisingizia malaria kwa mwaka mzima, anaweza kurudi shambani au ofisini na kuishi karibu umri wa kawaida. Kwa mpango wa msaada wa The Max Foundation na kampuni ya Novartis, wagonjwa wengi wa Kenya na Tanzania wameipata bila malipo. Maendeleo yao yanaweza kupimwa kwa mashine ileile ya GeneXpert inayopima kifua kikuu, ikiwekewa kasha lake maalumu. Adui aliyebaki ni kujiona umepona. Bandama linanywea, nguvu zinarudi, mtu anaacha vidonge, na jeni ile inaamka.

Yule mvulana alikuwa na lukemia kali ya limfoidi, saratani inayowapata watoto kuliko nyingine zote duniani. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba dawa ya kuzuia kazi ya foliki imewapa nafuu watoto kadhaa, japo kwa muda mfupi. Leo, katika nchi tajiri, watoto takriban 9 kati ya 10 wanapona. Kwetu ni wachache zaidi, na dawa zenyewe kwa sehemu kubwa ni zilezile. Mojawapo, vinkristini, asili yake ni ua la Madagascar, lile la waridi na jeupe linalopandwa uani kwenye nyumba nyingi za pwani. (Nawasihi msichemshe majani yake, ni sumu.) Watoto wetu wanapotea kwa kuchelewa, kwa maambukizi, na kwa kuondolewa wodini mapema. Tiba inachukua miaka miwili hadi mitatu: wiki za kwanza za dripu, dawa zinazopitishwa kwenye maji ya uti wa mgongo ili ugonjwa usijifiche kwenye ubongo, kisha miezi mingi ya vidonge. Mtoto anachangamka ndani ya mwezi mmoja, na nauli nayo imekwisha. Namwelewa mzazi anayefunga mizigo wakati huo, lakini ugonjwa ukirudi unakuwa mgumu zaidi kutibu.

Lipo kosa moja linaloniumiza kuliko mengine. Mtoto mwenye tezi zilizovimba au maumivu ya viungo anapewa prednisoloni kabla ya picha ya damu. Dawa hiyo ni sehemu ya tiba ya lukemia hii, kwa hiyo mtoto anapata nafuu, kila mtu anafurahi, na kioo cha darubini kinatulia. Baada ya wiki chache ugonjwa unarudi umezoea dawa, nasi tumepoteza nafasi ya kuutambua mapema.

Ndugu hunidokeza pia kuhusu kurogwa, na kama watenganishe vyombo. Lukemia haiambukizi. Kwa wagonjwa wengi hakuna sababu tunayoweza kuinyooshea kidole, ingawa mionzi mikali na benzini zinajulikana. Benzini imo kwenye petroli, hivyo vijana wanaoinyonya kwa mpira mdomoni waache.

Mvulana yuko mwaka wa pili wa matibabu na ameanza shule ya awali. Wewe unayemuuguza mtoto, akiambiwa aongezewe damu kwa mara ya pili na hakuna aliyekueleza ya kwanza imekwenda wapi, omba picha kamili ya damu ichukuliwe kabla chupa haijatundikwa, kisha omba karatasi ya majibu ukae nayo.