Faida ya Mti na Muda Wake

Mjini Lilongwe majiko ya mkaa huwashwa alfajiri, na mafundi kila siku hutafuta nguzo za kujengea. Ndiyo sababu wengi wenye akiba ndogo huitazama miti kuwa ni mali. Soko lipo, linalostahili kupimwa ni muda.

Mkaratusi hutoa nguzo baada ya miaka 5 hadi 8, na kisiki chake huchipua tena. Msindano ni habari nyingine, kwani hadi utoe mbao nzuri huhitaji kama miaka 25: mzazi aupandaye siku ya kuzaliwa mwanawe atauvuna mtoto akiwa mtu mzima. Katika miaka yote hiyo mwenye shamba huogopa mchwa miche ingali michanga, kisha wezi, na zaidi ya yote moto wa kiangazi, ambao kwa usiku mmoja huteketeza jasho la miaka 20. Asiyekuwa tayari kulima njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba lake, heri fedha zake anunulie mbuzi.

Yapata kilomita 40 kaskazini, katika kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, hesabu ni tofauti. Kambi hiyo, iliyokuwa gereza, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa wakimbizi wapatao 10,000. Sasa yakaliwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Baadhi yao hukodi mashamba kwa wanavijiji, lakini shamba la msimu mmoja si mahali pa kupanda msindano. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje warudi kambini. Bidhaa za duka huweza kuuzwa kwa haraka; mti wa miaka mitatu hauna mnunuzi. Kwa familia ya namna hiyo kitalu kina busara zaidi, maana miche huuzwa mvua zinapoanza, miezi michache tu baada ya kusia mbegu.

Jambo moja lawahusu askari. Mto Lilongwe huanzia msitu wa hifadhi wa Dzalanyama, nao hujaza mabwawa ya Kamuzu yanayounywesha mji. Wachoma mkaa waliuharibu msitu huo hata wanajeshi wakapelekwa kuulinda. Hasara haikuwa ya maji pekee: mkulima aliyepanda kuni zake hushindana sokoni na mtu asiyelipia mche, ardhi wala ushuru, na bei huangukia upande wa mwizi.