Elizabeth wa Kwanza, Malkia wa Uingereza

Tarehe 7 Septemba 1533, katika jumba la kifalme la Greenwich, karibu na mji wa London, alizaliwa mtoto wa kike ambaye kuzaliwa kwake hakukumfurahisha baba yake. Mfalme Henry wa Nane alikuwa amengoja mwana wa kiume miaka mingi. Kwa ajili hiyo alimwacha mke wake wa kwanza, akafarakana na Papa wa Roma, akamwoa Anne Boleyn. Na sasa Anne naye amezaa binti. Mtoto akaitwa Elizabeth. Kabla hajatimiza miaka mitatu, mama yake alishitakiwa kuwa amevunja uaminifu wa ndoa, akakatwa kichwa. Wataalamu wengi wa historia huona kwamba mashitaka yale yalikuwa ya uongo. Lakini mfalme alitaka mke mwingine, naye alimwoa siku chache tu baadaye. Kisha ikatungwa sheria ya kwamba Elizabeth si mtoto wa halali.

Hata hivyo alielimishwa vema. Mmoja wa walimu wake, Roger Ascham, alikuwa na njia yake ya kufundisha Kilatini. Mwanafunzi alifasiri habari ya Kilatini kwa Kiingereza, kisha kitabu kikafungwa, naye akairudisha habari ile katika Kilatini na kuilinganisha na kitabu. Njia hii ni ngumu, na mwenye kutaka kujua ugumu wake na aijaribu. Elizabeth alipokuwa kijana alisema Kilatini, Kifaransa na Kiitalia bila shida, na Kiyunani alikisoma.

Somo jingine alijifunza bila mwalimu, nalo ni kuuzuia ulimi wake. Henry alikufa mwaka 1547. Edward, mwanawe wa kiume, akatawala miaka sita, akafa akiwa na umri wa miaka 15. Ndipo akatawala Mary, dada yake Elizabeth, baba mmoja mama mbalimbali. Mary alishika sana imani ya Kikatoliki, lakini Elizabeth alikuwa amelelewa katika mafundisho mapya ya Waprotestanti. Basi Mary hakumwamini. Mwaka 1554 watu walimwasi Mary kwa sababu alitaka kuolewa na Philip wa Hispania, na wengine miongoni mwao walitumaini kumtawaza Elizabeth. Mara akakamatwa, akapelekwa kwa mashua mpaka ngome ya London iitwayo Tower, mahali pale pale alipouawa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka 20. Aliulizwa maswali mengi, naye alikana, akajibu maneno machache. Wala haikuonekana barua ya mkono wake iliyomtia hatiani. Baada ya miezi miwili alitolewa, akawekwa chini ya ulinzi shamba. Msichana huyu alikuwa amefahamu kwamba neno moja lisilopimwa laweza kumpotezea mtu kichwa chake.

Tarehe 17 Novemba 1558 Mary akafa bila kuacha mtoto, na Elizabeth akawa malkia. Nchi aliyoirithi ilikuwa maskini yenye madeni. Mji wa Calais, milki ya mwisho ya Waingereza katika nchi ya Ufaransa, ulikuwa umepotea mwezi wa Januari mwaka ule ule. Watu waligombana juu ya dini. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa jema: alimchagua William Cecil, mtu mwenye bidii na akili, awe mshauri wake, naye akamtumikia miaka 40 mpaka kufa kwake. Mwaka 1559 Bunge liliweka sheria za Kanisa la Uingereza, na mtu asiyekwenda kanisani Jumapili alitozwa shilingi moja. Malkia hakupenda kuchungulia mioyo ya watu. Lakini Papa alipomtenga mwaka 1570 na kuwaambia raia wasimtii, sheria zikawa kali, na mapadre zaidi ya 100 waliuawa katika siku zake. Habari hii haifichiki.

Swali lililokuwa katika kila kinywa lilikuwa hili: Malkia ataolewa na nani? Zama zile wachache sana waliamini kwamba mwanamke aweza kutawala peke yake. Akiolewa na mfalme wa kigeni, nchi itaingia mikononi mwa wageni. Akiolewa na mmoja wa wakuu wa Uingereza, wakuu wengine wataona wivu. Asipoolewa, hatakuwa na mrithi, na wenye kugombea kiti watapigana. Bunge lilimsihi mwaka 1559, likamsihi tena mwaka 1563 na mwaka 1566. Wachumba wakaja kutoka Hispania, Sweden, Austria na Ufaransa. Na katika jumba lake mwenyewe alikuwapo Robert Dudley, aliyependwa na malkia kuliko wote. Kila mmoja alipewa karamu, maneno mazuri, na jawabu lisilokuwa ndiyo wala siyo. Mtawala anayetumaini kumwoa malkia hampigi vita, na Elizabeth alilijua jambo hili vizuri sana. Mchumba wa mwisho, mtoto wa kifalme wa Ufaransa, alikuja mwenyewe mwaka 1579. Yeye alikuwa na miaka 24, malkia 45. Huyu naye mwishowe akarudi kwao bila mke.

Je, hii ilikuwa hekima tupu? Mwezi wa Oktoba 1562 malkia alishikwa na ndui, akawa karibu kufa. Washauri wake walikutana kwa hofu, nao hawakuweza kupatana ni nani atakayemfuata. Yeye alipona, lakini watu waliona wazi kwamba amani ya nchi nzima imetundikwa juu ya uhai wa mtu mmoja. Hata hivyo hakubadili mwendo wake.

Taabu yake kubwa ilitoka kwa Mary Stuart, Malkia wa Waskoti, aliyekuwa wa ukoo wake na mwenye haki ya kumrithi. Mwaka 1568 Mary alifukuzwa na watu wake, akakimbilia Uingereza kuomba msaada. Elizabeth hakumrudisha kwao, wala hakumwachilia, wala hakumwua. Alimweka kifungoni karibu miaka 19. Katika muda huo watu walifanya shauri la siri mara kwa mara kumwua Elizabeth na kumweka Mary mahali pake. Mwishoni zikakamatwa barua zilizoonyesha kwamba Mary amekubali, naye akahukumiwa kufa. Elizabeth alisitasita miezi kadha. Mwezi wa Februari 1587 alitia sahihi hati. Mary akakatwa kichwa katika ngome ya Fotheringhay. Malkia alipopata habari alilia na kukasirika, akisema hakutaka hati ipelekwe, akamtia gerezani katibu wake William Davison. Hapa ni vigumu kumsifu. Hati aliitia sahihi yeye, na aibu aliibeba mtumishi.

Philip, ambaye sasa alikuwa mfalme wa Hispania, alikuwa amechoka kungoja. Nahodha Francis Drake na wenzake walikuwa wamenyang'anya fedha na dhahabu katika merikebu zake, na Elizabeth alikuwa amewasaidia Waholanzi waliomwasi. Mwaka 1588 Philip alituma merikebu 130 hivi. Zilipoonekana pwani, mioto iliwashwa juu ya vilima, kilima hata kilima, kupeleka habari. Merikebu za Waingereza zilikuwa nyepesi, na mizinga yao ilipigwa upesi zaidi. Usiku, karibu na Calais, Waingereza waliachia merikebu nane zinazowaka moto ziende na upepo kuwaelekea adui. Wahispania wakakata nanga, wakatawanyika. Upepo ukawasukuma kaskazini, wakazunguka Uskoti na Ireland, na huko merikebu nyingi zilivunjika miambani. Malkia alikwenda Tilbury kuwatia moyo askari wake, ijapokuwa siku ile merikebu za adui zilikuwa zimekwisha kupita. Lakini mabaharia walioilinda nchi walirudi na kufa kwa wingi bandarini kwa homa, na mishahara yao ilicheleweshwa. Hazina ya malkia ilikuwa nyepesi, na mkono wake ulikuwa mzito kutoa.

Afrika nayo imo katika habari zake. John Hawkins alikwenda pwani ya Afrika ya Magharibi mwaka 1562, akateka watu, akawauza utumwani ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Safari ya pili, mwaka 1564, malkia mwenyewe alimpa merikebu yake kubwa iitwayo Jesus, akashiriki katika faida. Jina la merikebu na kazi iliyofanya havikupatana hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1591 James Lancaster alitia nanga Zanzibar, akakaa mpaka Februari 1592. Na tarehe 31 Desemba 1600 malkia aliwapa wafanya biashara wa London hati ya kuanzisha kampani ya kufanya biashara na India.

Elizabeth alikufa Richmond, tarehe 24 Machi 1603, mwenye umri wa miaka 69, baada ya kutawala miaka 44. Hakuna vita vya kugombea kiti vilivyotokea, kwa kuwa mwana wa William Cecil alikuwa amekwisha kuandikiana kwa siri na James, mfalme wa Uskoti. James huyu ni mwana wa Mary Stuart. Alimjengea Elizabeth kaburi zuri katika kanisa la Westminster, akamlaza pamoja na dada yake Mary, yule aliyemfunga. Lakini juu ya kaburi imechongwa sanamu ya Elizabeth peke yake. Mwaka 1612 James alimleta mama yake pia katika kanisa lile lile, akamlaza upande wa pili, hatua chache tu kutoka kwa malkia aliyetia sahihi hati ya kuuawa kwake.